Mti Mmoja, Miiko Mitatu: Namna ya Kujenga Uhusiano wa Kiroho na Miti na Ardhi ya Kwenu

Wengi wanaotaka kuwa karibu na miti kiroho huanza kwa kutafuta hisia. Wanakaa kivulini, wanafumba macho, wanangoja kitu kiwaguse. Wengine hupata, wengi hawapati, na kabla mwezi haujaisha wameshaacha. Mimi nasema anza upande wa pili: anza na mwiko. Jiulize ni jambo gani hutalifanya mbele ya mti huu, hata ukiwa na shida, hata pasipo na mtu wa kukuona. Hisia zikija, zije zikukute umeshashika adabu.

Nimejifunza hivyo kutokana na misitu ya kaya, yaani vijiji vya kale vya Wamijikenda vilivyozungukwa na msitu, pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi. Humo ndani watu waliishi tangu karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamehamia nje kulima. Yalibaki makaburi, mapito na miti. Pembeni yake misitu mingi ya pwani iliisha kwa mashamba, mkaa na mahoteli, lakini kaya nyingi zimesimama mpaka leo, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kadhaa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Si misitu mikubwa. Hizo zilizoorodheshwa zina kati ya hekta 30 na 300 hivi. Wala hazikulindwa na bunduki wala uzio. Wazee wa kaya walisema: usikate, usiokote hata kuni kavu, usilishe mifugo, usitoke kwenye njia. Watoto wakakua wakijua hivyo, nao wakawaambia watoto wao.

Kabla ya hatua, tuondoe hofu

Najua swali lililo moyoni mwa msomaji Mwislamu au Mkristo: je, hii si shirki? Si ushirikina? Jibu langu ni kwamba kumheshimu kiumbe si kumwabudu. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, hiyo ni sadaka kwake. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2 aya ya 15, kinasema Mungu alimweka mtu bustanini “ailime na kuitunza”. Kazi ya kutunza tulipewa zamani sana. Na kama wewe unafuata mila za wazee wako na unatambika, njia yako unaijua. Humu sikufundishi matambiko, kwa sababu tambiko hufundishwa na mwenye nalo, uso kwa uso.

Hatua ya 1: Chagua mti mmoja, ulio karibu

Usifunge safari. Chagua mti unaoweza kuufikia kwa miguu: mwembe wa uani, mwarobaini wa nje ya msikiti, mkungu wa stendi, mkuyu wa mtoni, mbuyu wa njia panda. Haijalishi kama asili yake ni hapa au uliletwa. Mwembe na mwarobaini vimetoka Asia na vimeshakuwa wenyeji. Ila mpapai hautakufaa, kwa kuwa maisha yake ni mafupi mno. Tafuta mti ambao unaweza kukuzika.

Kisha uliza mwenyewe ni nani. Hili watu hulidharau. Huku pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Mnazi na mwembe hurithiwa, huuzwa na huwekwa rehani peke yake. Basi nenda kwa wenyewe: “Shikamoo mzee. Ule mwembe wa pale chini una mwenyewe? Napenda kuwa nakuja kukaa kivulini pake.” Utaulizwa maswali, na pengine watu watakucheka kidogo. Wajibu kwa upole. Uhusiano na mti unaoanza kwa kumpita jirani bila salamu umeanza vibaya.

Ukikuta chini ya mti pana vitambaa vilivyofungwa, vigae vya chetezo, chupa za marashi au alama za ubani, huo ni mzimu wa watu, mahali pao pa kutambikia. Usiguse kitu, usipige picha. Mtafute anayepaangalia na umwombe ruhusa. Akikataa, chagua mti mwingine. Si kila mlango ni wako.

Hatua ya 2: Ujue kwa jina na kwa tabia

Jua jina la mti kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo ulipo. Waulize wazee wa kike na wa kiume, kwa sababu wanayoyajua hayafanani: mmoja atakuambia kuni zake zinawakaje na majani yake yanafaa ugonjwa gani, mwingine atakuambia mbao zake na nani alizikwa karibu. Andika. Halafu utazame mwenyewe, kwa sababu mambo mengine hakuna atakayekusimulia.

Chukua mbuyu. Karibu wote tumewahi kupita chini yake mchana, na ndiyo maana wengi hatujawahi kuliona ua lake likiwa hai. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama. Linaning'inia kwa kikonyo kirefu, jeupe, na ukitulia chini yake wakati wa magharibi utaziona petali zikijikunja kurudi nyuma mbele ya macho yako. Usiku popo wanaokula matunda huja kunywa utamu wake, nyuso zikijaa chavua, wakatoka hapo kwenda mbuyu mwingine. Kesho yake ua limeshasinyaa na kuwa la kahawia, na muda si mrefu liko chini. Ukitaka kuujua mbuyu, basi, itakubidi uende kwa saa zake.

Mkuyu nao una siri ya aina yake. Utaambiwa hautoi maua. Chuma tunda moja changa ulipasue kwa kidole: maua yamo humo ndani, mamia, yametazamana. Nyigu mdogo sana, mara nyingi wa jamii maalumu kwa mkuyu wa aina hiyo, hujipenyeza kwenye tundu la juu. Mlango ni mwembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatika akiingia. Hutaga mayai humo, hupeleka chavua, na hufia humo humo. Bila nyigu huyo mkuyu haupati mbegu, na bila mkuyu nyigu hana pa kuzalia. Kwangu mimi kulijua hili ni sehemu ya ibada. Anayesema anaupenda mti bila kujua unaishije anapenda picha aliyoichora mwenyewe.

Hatua ya 3: Jiwekee miiko mitatu

Mitatu inatosha, ukiweka kumi utavunja yote. Ninavyopendekeza, mwiko wa kwanza uulinde mwili wa mti. Sitapigilia msumari. Sitachoma takataka chini yake. Sitachuna gamba kuzunguka shina. Huu wa gamba ushike sana, maana chini tu ya gamba ndipo inapopita njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi. Likichunwa duara zima, mizizi hufa njaa na mti wote hufuata. Ukihitaji dawa, chuna kipande kidogo upande mmoja, kisha uache papone. Waganga wanaoijua kazi yao ndivyo wanavyofanya.

Mwiko wa pili uwe juu ya kuchukua: sitachukua matunda yote, nitaacha ya ndege, au sitakata tawi bichi, au sitatoa kitu chochote hapa, hata kikavu, kama walivyo watu wa kaya.

Wa tatu ukuhusu wewe mwenyewe, na ukugharimu. Sitasengenya mtu nikiwa chini ya mti huu. Sitatoa simu mfukoni. Sitakuja hapa nikiwa na hasira niliyoikusudia mtu. Mwiko usiogharimu kitu hautakubadilisha, na nadhani hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanataka mti uwape utulivu, wao wasiupe chochote.

Iandike miiko yako, umwambie mtu mmoja unayemheshimu. Weka na faini. Kwa desturi za kaya, aliyevunja mwiko hutozwa kuku au mbuzi. Wewe unaweza kujitoza ndoo za maji kwa mti huo wakati wa kiangazi, au mche mmoja wa kupanda na kuutunza hadi ushike. Lipa ndani ya wiki.

Hatua ya 4: Piga hodi, ukae

Chagua siku moja katika wiki na saa moja, uishike. Alfajiri ni nzuri kwa sababu hakuna anayekuhitaji. Ukifika, simama hatua chache nje ya kivuli, salimu, ndipo uingie. Wengine husema hodi kwa sauti, wengine husema Bismillahi, wengine husoma zaburi. Kaa nusu saa.

Siku za mwanzo akili itakimbia kwenye madeni na kazi. Usipigane nayo, ipe kazi. Hesabu sauti unazozisikia kutoka mbali kuja karibu: pikipiki ya barabarani, jogoo, ndege wa kilele, mdudu wa kwenye gamba, pumzi yako. Ukishafika kwenye pumzi, omba dua yako au nyamaza tu. Ukimaliza, aga.

Mambo ya usalama nayo yasemwe. Usikae chini ya mnazi wala mfenesi. Nazi ikidondoka haichagui. Kagua mashimo ya mbuyu kwa mbali kabla ya kusogea, kuna nyuki, na nyasi ndefu zina nyoka. Kukiwa na radi, ondoka mara moja. Mwanamke anayekwenda peke yake sehemu iliyojificha amwambie mtu anakokwenda.

Hatua ya 5: Toa kabla ya kupokea

Hapa ndipo mikono inapoingia. Tandika majani makavu kuzunguka mti, upana wa hatua mbili, lakini yasiguse shina, yasije yakaliozesha. Ondoa misumari na waya za zamani kama zinatoka bila kurarua.

Ukitaka kupanda, panda mwanzoni mwa mvua, masika au vuli. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, tenga udongo wa juu na wa chini. Changanya wa juu na samadi iliyooza vizuri, urudishe huo kwanza. Chana mfuko wa plastiki wote, usiache hata kipande. Shina likae usawa ule ule lililokuwa nao kitaluni. Kiangazi kikikaza, toboa tundu dogo kwenye chupa ya maji, uifukie nusu karibu na mche, imwagilie polepole. Zungushia miiba, kwa sababu mbuzi atafika kabla yako. Na kama ni mbegu ya mbuyu, ganda lake ni gumu: likwaruze, au uilowanishe usiku kucha kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa.

Lakini pengine hupaswi kupanda chochote. Dodoma na mikoa ya jirani wakulima wengi wamefundishwa njia inayoitwa Kisiki Hai. Shambani kuna visiki ambavyo juu vinaonekana vimekufa, kumbe mizizi ingali hai na kila mwaka inachipua, na kila mwaka jembe au mbuzi anakata. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, unapogolea mengine yote na matawi ya chini, unafunga kitambaa cha rangi kuonyesha kwamba mti huu una mwangalizi, kisha unaulinda. Hakuna mche wa kununua, hakuna maji ya kubeba, na mizizi iliyoko chini tayari inajua maji yalipo. Kinachohitajika ni jicho la kuona kilicho hai na subira ya kutokikata. Sijui kazi nyingine ya mikono inayomfundisha mtu toba vizuri kuliko hii: shamba ulilodhani umeliua bado linakusubiri.

Hatua ya 6: Shuka kwenye ardhi yenyewe

Mti ni mlango. Ukishauzoea, tazama chini. Vua viatu. Mvua inyeshapo, toka utazame maji yanakwenda wapi: yanapotuama, yanapokata mfereji, yanapochukua udongo mwekundu kwenda kwa jirani. Shika udongo wa kivulini na wa nje ya kivuli, ulinganishe unyevu na harufu. Chora ramani ya eneo lenu: mipaka, visima vya zamani, makaburi, miti iliyokuwepo na sasa haipo. Hiyo ya mwisho itakufunza kuliko zote, na wazee hupenda kuulizwa.

Tazama Wachagga wanavyoishi na kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Hapo ndipo migomba, kahawa na miti mikubwa kama mringaringa huota pamoja, na hapo ndipo wazee huzikwa. Mmea wa sale huwekwa mpakani na makaburini. Aliyemkosea mwenzake hupeleka jani la sale kuomba radhi, na kwa mila si rahisi kulikataa jani hilo. Mpaka, kaburi na msamaha, yote kwenye mmea mmoja! Desemba ikifika na mabasi yakajaa Wachagga wakielekea kwao Moshi, usidhani ni sikukuu tu.

Chukua desturi hiyo uitumie ulipo. Kama wewe na ndugu yako mmegombania mpaka, uhusiano wako wa kiroho na ardhi hiyo unaanzia kwa ndugu yako. Nenda mkapatane kwanza. Hakuna kukaa kimya chini ya mti kutakakolifidia hilo.

Na uipumzishe sehemu. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa ili nyasi na miti vipate nafuu, lifunguliwe kiangazi kikiwa kikali. Shinyanga ilikuwa imefyekwa hadi kuanza kuitwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 ukaitumia ngitili, ardhi kubwa sana ikarudi kuwa na miti. Wewe anza na pembe moja ya shamba. Usilime, usichome, usilishe misimu miwili. Orodhesha kitakachoota chenyewe.

Hatua ya 7: Watembelee waliotangulia

Ukishakaa na mti wako mwaka mzima, nenda ukaone kaya. Kaya Kinondo ya Wadigo, moja ya jamii za Wamijikenda, kusini ya Diani, inapokea wageni. Nyingine nyingi hazipokei, usijipenyeze. Utavuliwa kofia na kufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Hakuna kupigana busu humo, hakuna kutoka na kitu hata jani. Lipa kiingilio bila kupatana bei, maana ndicho kinacholipa walinzi na kusaidia jamii inayoutunza msitu. Mzee akikuonyesha mahali akasema hapa hatuingii, usiulize mara ya pili.

Kumbuka pia misitu hii imelipiwa kwa damu. Kaya Fungo ya Wagiriama, nao ni Wamijikenda, ndiko Mekatilili wa Menza, kiongozi wao wa kike, alikowaapisha watu wake mwaka 1913 kuwapinga Waingereza, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikailipua kwa baruti. Walijua kwamba kuivunja kaya ni kuwavunja watu.

Hatua ya 8: Jihadhari na haya

Mtu akikuambia mti “unataka” pesa, dhahabu, simu yako au mwili wako, ondoka. Hali kadhalika anayekutaka uwafiche wenzako habari au uache dawa za hospitali.

Na kubwa kuliko hilo: usiruhusu maneno ya mizimu na uchawi yatumike kumwonea mtu. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ardhi ambayo kijana anaitaka. Hao hao ndio wenye majina ya miti yako na kumbukumbu za mipaka yako. Ukisikia mzee anaanza kuandamwa kwa maneno hayo, usikae kimya. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji, chifu, polisi, imamu, padri, kila mwenye sauti.

Ukiwa mbali, na mti ukianguka

Aliye Muscat, Mombasa ghorofani au Toronto asiseme hana ardhi. Oman mkunazi unaota majangwani na mabondeni, wa jamii moja na ule ambao majani yake hutumika kuosha maiti kwetu pwani. Kwenye nchi za baridi chagua mti unaopukutisha majani, uufuate misimu yote minne kwa hatua zile zile. Nyumbani tuma pesa ya uzio wa mche, siyo ya mabati peke yake, na umwombe mmoja awe anakutumia habari za mti wako kila mvua zinapoanza.

Mti ukifa au ukiangushwa na upepo, usiuze gogo lote siku hiyo hiyo. Kagua kisiki miezi michache kama kitachipua. Kikichipua, rudi hatua ya tano. Kisipochipua, acha sehemu ya gogo ioze papo hapo, kwa kuwa kuvu, mchwa na mende wa miti wanaugeuza kuwa udongo ambao mche unaofuata utaupenda. Mbegu zake zikusanye mapema, wakati mti bado una afya, uzikaushe kivulini na kuziweka kwenye mfuko wa karatasi wenye jina la mti, mahali ulipoziokota na mwaka. Wagawie majirani watatu, kila mmoja na miiko yake.